Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Mifuko ya Pensheni ya Waajiri nchini Kenya

Waheshimiwa Wadhamini,

Wafanyakazi wanaochangia mifuko ya pensheni ya waajiri wao hawana budi kuzishukuru bodi za wadhamini kwa kuwakinga dhidi ya maarifa yanayoweza kuwakosesha usingizi. Chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 na kanuni zake, mwanachama anastahili kupata taarifa ya akaunti yake kila mwaka, na haki hiyo hutimizwa bila kasoro: taarifa hufika ikiwa na salio la mwanzo, salio la mwisho na asilimia ya faida iliyotangazwa, ila haisemi kama faida hiyo imehesabiwa kabla ya kukatwa ada au baadaye.

Sera ya uwekezaji, yaani waraka unaoeleza jinsi fedha zitakavyogawanywa kati ya hatifungani, hisa, majengo na amana za benki, hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Mwanachama anayebahatika kuiona hukuta kwamba dhamana za Serikali zinaruhusiwa kufika asilimia 90 na hisa za sokoni asilimia 70, na kwa kuwa haelezwi kwamba hivyo ni vikomo wala si mgao wenyewe, hubaki akijumlisha na kujilaumu kwa kutojua hesabu.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika ada, ambayo hutajwa kuwa asilimia moja tu kwa mwaka. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka hufikia takriban 1,745,000 baada ya miaka 30. Ada hiyo ikishusha ukuaji hadi asilimia 9, hufikia takriban 1,327,000. Tofauti hiyo inazidi mara nne ya mchango wenyewe, lakini haichapishwi, pengine kwa sababu ukurasa wake ulihitajika kwa picha ya mwenyekiti.

Iwapo bodi hazitaona kuwa ni utovu wa adabu, taarifa ijayo na itaje kwa shilingi, si kwa asilimia, kiasi ambacho meneja wa uwekezaji, msimamizi na mtunzaji wa mali za mfuko wamelipwa kutoka katika akaunti ya mwanachama husika, na mkutano mkuu wa mwaka ujadili kiasi hicho kabla ya pilau kuletwa.

Wenu watiifu,
Wanachama Wasiopaswa Kuelewa