Sanduku Lililonikana Mbele ya Halaiki

Uso wangu haujapoa bado kwa fedheha iliyonifika Jumamosi hii, pale umeme uliporejea mjini Babati baada ya kutoweka kwa muda wa kuchemsha chai, na ruta yangu, niliyoinunua kwa fedha halali na kuiweka juu ya rafu ya heshima baina ya mashine ya kudurufu na kalenda ya msikiti, ikaamka mbele ya wateja tele wa duka langu la intaneti na kuniuliza, kwa Kiingereza cha adabu, kama ningependa kuanza mazungumzo ya kuipangia kazi kwa mara ya kwanza.

Mara ya kwanza! Ruta hiyo hiyo asubuhi yake ilikuwa ikigawa mtandao kwa meza zote kwa insafu, ikizijua anwani zake, ikilijua neno langu la siri, ikimzuia kijana wa duka la jirani asituibie intaneti kupitia ukutani. Sasa imezinduka haina jina, haina anwani, haina bwana.

Na hadhirina walikuwapo. Walikuwapo vijana wa kidato cha sita waliokuja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, baadhi yao wametoka Magugu na Galapo kwa nauli za kuazima. Alikuwapo mwalimu mstaafu aliyefuata habari za mafao yake. Na alikuwapo mama muuza vitunguu, mtoto mgongoni, akingoja kuchapishiwa risiti. Nikasimama kuwahutubia mintarafu ya fadhila za subira. Hotuba ilikuwa ikienda vema, hata binti mmoja aliyekuwa ameinama kukitazama kioo cha kompyuta yangu akainua kichwa na kusema, kwa huruma ya kweli iliyoniumiza kuliko kejeli:

“Babu, samahani. Mashine inasema haikujui.”

Kicheko kilianzia kwa mwalimu mstaafu, kikapita mlangoni, kikawafikia madereva wa bajaji waliokuwa wakingoja abiria wa mabasi ya Dodoma, ambao hawakujua kinachochekwa lakini hawakuona sababu ya kukosa. Kisha binti yule akawasha simu yake, akawarushia wenzake mtandao kutoka katika bando lake, akawatoza bei ile ile niliyoibandika ukutani, huku wamekalia viti vyangu. Nilipotaja kodi ya viti, watu waliguna.

Hapa sina budi kumweleza msomaji namna sanduku la aina hii linavyohifadhi maagizo yake, maana tangu siku hiyo sijalala nikiwaza jambo jingine. Ndani yake mna kumbukumbu za namna nne. Ya kwanza, iitwayo ROM, ina maarifa machache ya kuamkia. Ya pili, flashi, imebeba programu kubwa inayoiendesha ruta. Ya tatu, RAM, ndiyo uwanja wa kazi, ambamo maagizo yanayotumika saa hiyo hukaa. Nayo ina wepesi wa ajabu lakini haina uaminifu hata chembe, kwani umeme ukikatika husahau yote. Ya nne huitwa NVRAM, ndogo na yenye staha, isiyohitaji umeme ili ikumbuke, na humo ndimo maagizo yaliyohifadhiwa yanamolala. Ruta za Cisco za mfululizo wa 2500, zilizotumika sana miaka ya 1990, zilikuwa na NVRAM ya kilobaiti 32 tu, ambazo hazitoshi picha moja ya harusi. Walakini zilitosha kabisa, kwa kuwa maagizo yenyewe ni maandishi matupu, mstari chini ya mstari. Kwa hiyo kila ulipangalo huishi katika RAM kwanza, na usipotoa amri ya kulinakili kwenye NVRAM, umeme ukiondoka linakwenda zake.

Zamani NVRAM iliwekewa betri ndogo ili isisahau. Siku hizi, katika ruta nyingi, ni sehemu tu iliyotengwa ndani ya flashi, na flashi ni uhodari ambao nikiutafakari natamani kuivua kofia yangu. Elektroni hufungiwa katika kipande kidogo mno cha silikoni kilichozungukwa na kihami pande zote, zisiweze kutoka hata miaka kumi ipite. Kuwapo kwake au kutokuwapo ndiyo herufi. Aliyeibuni ni Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba, aliyeitangaza hadharani 1984, na mwenzake akaipa jina hilo kwa kuwa namna inavyofutika kwa mkupuo ilimkumbusha mwako wa taa ya kamera. Kwa kazi iliyoujaza ulimwengu simu, Masuoka alilazimika kumshtaki mwajiri wake mwaka 2004 ili apate haki yake, na wakasuluhishana 2006 kwa yeni milioni 87. Nampa pole.

Turudi Babati. Nilikuwa tayari kuapa kwamba fundi aliyenipangia ruta hakuhifadhi chochote, na jina lake nimelitaja vibaya mbele ya watu wazima. Kumbe maskini alihifadhi. Maagizo yalikuwamo NVRAM wakati wote, herufi kwa herufi. Binti yule, alipokwisha kuhesabu mapato yake, aliandika amri ya kuitaka ruta ijieleze, na katika mstari wa mwisho kabisa wa maelezo hayo ikakiri kwamba rejista yake, yaani tarakimu zinazoiamuru namna ya kuamka, imesomeka 2142, ilhali desturi ni 2102. Tofauti ni tarakimu moja, nne mahali pa sifuri, na maana yake kwa ruta ni hii: uamkapo, usiifungue NVRAM.

Agizo hilo lina hekima yake. Mtu aliyesahau neno la siri huunganisha waya, huikatiza ruta inapoamka, huweka 2142, nayo huamka tupu na kumpokea yeyote. Akishabadili neno la siri hupaswa kurudisha 2102. Muuzaji wa mitumba aliyeniuzia kule Arusha alimwondoa mwenyewe wa kwanza kwa njia hiyo, akaliacha sanduku na amri ya kutosoma barua zake abadan. Na Babati, ambako mawingu yakilala juu ya mlima Kwaraa umeme nao hutafuta pa kujificha, ruta ya namna hiyo haidumu.

Nami najua hali hiyo ya kuhifadhiwa bila kusomwa kuliko ninavyopenda. Jalada la kiwanja changu limo katika kabati la ofisi moja ambayo sitaitaja. Nimeliona kwa macho yangu, jina langu mgongoni, na kila nikienda naulizwa kama nimewahi kuomba kiwanja, na kupewa fomu ya kuanzia. Nilipokuwa kijana jambo hilo lilinichekesha. Sasa magoti yananiuma, karani aliyelipokea jalada amekwisha kustaafu, na watoto wa Galapo wanaambiwa kila haki yao imo mtandaoni, ambako hufikiwa kwa nauli, kwa umeme wa kubahatisha, na kwa sanduku la mtumba kama langu. Sicheki.

Mengine ni madogo. Sanduku jeupe la mtandao lililoko nyumbani, mjukuu wangu alilibonyeza tunduni kwa kijiti cha meno mpaka likasahau yote. Nakala ya maagizo niliyoichapisha kwa tahadhari niliikuta stendi imefungia karanga, nikanunua karanga.

Muuzaji wa Arusha nimempigia kudai nusu ya fedha. Alinisikiliza kwa taadhima, akanijibu kwamba sanduku halina kasoro yoyote, kwa kuwa limetenda kama lilivyoagizwa. Ila nikitaka alikague, nilitume kwa basi, gharama za kwenda na kurudi juu yangu.