Muulize Anti Spana: Nilipeleka Breki, Nikaletewa Bili ya Gari Zima

*Anti,*
*Nilipeleka IST yangu gereji hapa Tabata kubadilishwa pedi za breki za mbele. Tulikubaliana elfu sabini, spea na ufundi. Jioni nakuta shokapu mpya, bushi mpya, plagi mpya, na bili ya laki sita na themanini. Fundi anasema, "Bosi, nilipofungua nikakuta mambo mengi." Gari halitoki mpaka nilipe. Nifanyeje?*
*Nimekwama, Tabata*

Pole, Nimekwama. Shukuru Mungu ulimpelekea kigari kidogo; ungempelekea Coaster, saa hizi ungekuwa unauza kiwanja.

Ulipomkabidhi ufunguo ulisema nini? Anti anakujua bila kukuona. Ulisema, "Fundi, na mengine utayaangaliaangalia." Kwako huo ulikuwa uungwana tu. Kwake ilikuwa tenda.

Na ni kweli alikuta. Pedi hazibadilishwi bila kuvua gurudumu, na likishavuliwa, shokapu inayovuja oili na bushi iliyochanika zinaonekana kwa macho. Kukuta si kosa. Kosa ni yeye kukuta saa nne asubuhi na wewe kupata habari saa kumi na mbili jioni, ilhali simu yake ilikuwa na salio la kumpigia muuza spea wa Gerezani. Tena plagi! Anti angependa kuonyeshwa njia aliyopita kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye plagi.

Kuhusu kuzuiliwa gari, usikimbilie kumwita mwizi. Polisi watakuambia hayo ni madai, na sheria yenyewe imemwachia fundi mlango. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyekifanyia kitu kazi ya ujuzi akishikilie mpaka alipwe ujira wake. Ila mlango huo una kizingiti: kazi iwe inaendana na lengo la kukabidhiwa kitu hicho. Lengo lako lilikuwa breki. Basi mlipe elfu sabini yake kwa simu, ili ushahidi ubaki, kisha omba spea zako za zamani na risiti za dukani. Shokapu ya zamani ikiwa kavu, mwambie airudishe na achukue mpya yake. Ikiwa imelowa oili, hapo zungumzeni kama watu wazima, na bei ianzie kwenye risiti ya EFD. Mashine hizo zipo nchini tangu 2010, kwa hiyo kile kikaratasi cha daftari akafungie maandazi. Akigoma, mwende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na baada yake Mahakama ya Mwanzo.

Lakini najua utalipa. Atakuonyesha mikono yenye grisi, atasema ameshinda juani tangu asubuhi, nawe utaona haya kudhulumu jasho la mtu. Fundi anaifahamu haya hiyo kuliko anavyoifahamu injini yako, ndiyo maana hakupigi simu mapema. Kabla ya kazi, "hapana" yako ni jibu tu. Baada ya kazi, inakuwa dhuluma, na majirani wa gereji wamekaa kwenye matairi wanasikiliza.

*Anti,*
*Shemeji yangu yuko California. Anasema huko fundi hagusi gari bila karatasi. Ananidanganya?*
*Mwenye Wivu, Mbezi*

Hakudanganyi. Wana sheria ya tangu 1971: fundi anaandika makadirio, akitaka kuyapita anaomba ridhaa kwanza, na ukidai mapema spea zako za zamani, kwa kawaida anakurudishia. Ukipeleka fomu kama hiyo gereji bubu ya chini ya mwembe, watakuuliza kama umetumwa na TRA.

Ila fundi huyohuyo ana WhatsApp, na kila asubuhi anaweka picha ya injini aliyoishusha. Mwandikie: "Pedi za mbele tu, 70,000. Ukikuta kingine piga picha, nitakujibu." Subiri aandike "sawa bosi" ndipo uache ufunguo. Piga picha ya kilomita, ya geji ya mafuta na ya masega kwenye egzosi. Masega yana madini yenye soko, na huhama kimyakimya.

*Anti,*
*Niliacha Noah gereji kwa ajili ya rejeta. Jumamosi dada yangu kaiona Bagamoyo, imefungwa maua, imejaa wapiga tarumbeta.*
*Sikualikwa, Kimara*

Alikuwa anapima rejeta. Wapiga tarumbeta ni mzigo wa majaribio.

Mwambie tu kwamba anayetumia kitu alichokabidhiwa kinyume cha makubaliano hulipia uharibifu wowote utakaotokea humo njiani, hata asipokuwa mzembe. Kisha udai pilau.

*Anti,*
*Mnatusema sana sisi mafundi. Mteja aliniambia kwa mdomo wake, "Fanya unavyoona." Nikaona bolijointi imekwisha, nikaweka mpya. Sasa amezima simu, gari limelala uani miezi, kuku wa jirani ameanza kutagia kiti cha nyuma. Niliuze?*
*Fundi Mwenye Huruma, Mwananyamala*

Fundi wangu, kuhusu bolijointi Anti yuko upande wako. Ikichomoka barabarani, gurudumu linalala, na anayekuja mbele yako hana kosa. Lakini hata hatari ina namba ya simu. Mpigie mwenye gari; akikataa, mwandikie kwamba umemwonya, funga alichokuletea, mpe gari lake. Na mteja akikuambia "fanya unavyoona", muulize hapohapo: nione mpaka shilingi ngapi?

Usiuze. Haki uliyopewa ni ya kushikilia, si ya kuuza. Usichomoe betri kujifidia, wala usikodishe gari kwa wenye harusi wa Bagamoyo. Mpelekee madai kwa maandishi, yeye au nduguye, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na ukikosa jibu fungua shauri.

Mayai ni ya mwenye kuku.