Koo Tano za Kiingereza cha Kindu: Jaribio la Uainishaji

Wataalamu wameandika mengi juu ya Kiswahili cha Kongo, kile kilichoitwa Kingwana, na juu ya Kifaransa cha ofisini. Kiingereza cha Kindu wamemwachia mwalimu wa sekondari. Hilo ni kosa la kimbinu. Mwalimu ana sarufi. Maneno yako sokoni.

Kwanza, uwanja wa utafiti. Kindu, makao makuu ya Maniema, imekaa pande mbili za Lualaba: Kasuku na Mikelenge ukingo wa magharibi, Alunguli ng'ambo, na katikati mitumbwi. Nyumbani na sokoni ni Kiswahili, ofisini na shuleni Kifaransa, kwenye muziki na kambini Lingala. Kiingereza hakina mtaa wake. Kimepanga chumba kwa wote watatu.

Pili, ufafanuzi. Katika makala haya, neno la Kiingereza ni neno lolote ambalo msemaji wake anaamini ni Kiingereza, au neno ambalo ni Kiingereza kweli na msemaji wake anakataa. Ufafanuzi huu ni mpana, lakini ukiubana kidogo tu, nusu ya soko inabaki nje.

Ukoo wa kwanza: Wazee waliosahau kwao

Humu mna bulangeti, motoka na buku. Dalili yao ni kwamba wamekwisha kupewa ngeli, wana wingi wao, na hawakumbuki walikozaliwa. Mwambie bibi kwamba bulangeti ni Kiingereza, atakujibu kwamba la kwake alilinunua Kasongo.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walipita Maniema mapema na hawakuacha msamiati wowote. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Cameron akafuata 1874, Stanley akaja 1876 na kushuka mto akisindikizwa mwanzoni na Tippu Tip. Wote walisafiri na watu wa Kiswahili, na waliolazimika kujifunza lugha ni wao. Mwaka 1915 mambo yalizidi kuharibika. Jeshi la majini la Uingereza lilipitisha mashua mbili za vita juu ya Lualaba, kusini kwetu, hadi Kabalo, zikapanda treni kwenda Ziwa Tanganyika kupambana na Wajerumani. Kamanda wao alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou, majina ya paka na mbwa katika Kifaransa cha watoto. Kwa hiyo Mwingereza alipopata nafasi ya kuleta maneno mawili kwenye mto huu, alileta ya Kifaransa, na mojawapo, kwa masikio ya Kiswahili, lilikuwa linajitambulisha tu.

Ukoo wa pili: Waliopitia Paris

Huu ndio ukoo mkubwa, nao ndio unaowatesa walimu. Kifaransa kilichukua maneno ya Kiingereza, kikayakata mkia, kikayapa kazi nyingine, kisha kikayaleta Kongo pamoja na shule na ofisi za Wabelgiji. Pakingi ni mahali wamotari, waendesha pikipiki, wanapongojea abiria. Futingi ni kukimbia asubuhi. Presingi ni duka linalofua suti na kuipiga pasi. Smokingi ni suti ya bwana arusi, hata awe hajawahi kushika sigara. Basketi ni viatu, na haviulizi kama umewahi kucheza mpira wa kikapu.

Sheria ya ukoo huu ni rahisi: neno likiishia na -ingi, si kitendo, ni mahali, nguo, au jambo la kumtoa mtu jasho. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba baba yake alioa ndani ya smokingi amesema kweli tupu, na atapata sifuri.

Mtu wa Kigoma akikutana na mtu wa Kindu, ugomvi ni wa hakika. Wa Kigoma anaviita viatu vile vile raba, na ana uhakika hicho ndicho Kiingereza. Wa Kindu anasema basketi, na ana uhakika huo huo. Mwingereza akiitwa kuamua, atawaangalia miguuni tu.

Ukoo wa tatu: Wa kifuani

Haya ni maneno yanayosomwa bila kutamkwa. Yanafika ndani ya marobota ya mitumba, na yana matawi matatu: ya vyuo ambavyo mvaaji hakusoma, ya kazi ambazo hakuajiriwa, na ya sherehe ambazo hakualikwa. Tawi la kazi ndilo lenye nguvu. Koti lililoandikwa «Security» mgongoni humfungulia mvaaji mageti ambayo cheti cha chuo hakifungui.

Tawi la sherehe linahitaji kuangaliwa kwa karibu. Chukua mfano wa muuza mawese anayesukuma kinga, yaani baiskeli, kutoka kivukoni, bidoni nne za manjano zimefungwa nyuma, naye amevaa fulana ya waridi yenye maneno «Team Bride». Ughaibuni fulana hiyo huvaliwa jioni moja tu na mashoga wa bibi arusi. Mwanafunzi wa sekondari anamsimamisha.

«Papa, simisi yako inasema uko upande wa bibi arusi.»

«Arusi ya nani?»

«Haikusema.»

«Sasa kama niko upande wake, mbona hawakuniita kula?»

Wapita njia wanacheka, na mzee anacheka kuliko wote. Kitaaluma, kilichotokea hapo ni somo kamili. Watu wote waliosimama karibu na ile kinga wamejua bibi arusi anaitwaje kwa Kiingereza, na hakuna aliyeandika daftarini.

Ukoo wa nne: Wa mashine

Maneno ya ukoo huu hufunzwa kwa hofu. Mtu amenunua simu ya bei nafuu, akaiwasha, ikafunguka kwa Kiingereza. Anataka kubadilisha lugha, lakini maneno ya kubadilishia lugha nayo yako kwa Kiingereza. Hapo ndipo elimu inapoanza. «Low battery» anaielewa siku ya kwanza, kwa sababu baada yake kunakuja giza. «No service» anaielewa akivuka kidogo tu nje ya mji. «Insert SIM» anaielewa kwa fundi, na analipia.

Sarufi ya ukoo huu ni ya kijeshi. Hakuna tafadhali, hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Ni amri na maonyo: bonyeza, ingiza, usilowanishe, upande huu juu. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa maboksi ya China peke yake akienda Kampala ataonekana mkali sana.

Ukoo wa tano: Wa miradi

Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wamekuwa Kongo tangu 1999, kwanza kwa jina la MONUC, na tangu 2010 kwa jina la MONUSCO. Wanajeshi wa Uruguay waliokaa Kindu wakilinda mto walizungumza Kihispania, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa zaidi mlangoni mwa gari kuliko ndani yake. Mashirika ya misaada ndiyo yaliyokisambaza, tena ndani ya sentensi za Kifaransa: kiti (si cha kukalia), kesh, stafu, brifingi. Monitoringi ni kuja kuangalia kama kilichotolewa bado kipo. Fidibaki ni kushukuru kwanza, kulalamika baadaye, nje, ukutani.

Neno linaloheshimika kuliko yote humo ni perdiemu, na washiriki wa semina wanaliweka kwenye hesabu ya Kiingereza. Ni Kilatini. Tangu misa ilipohamia lugha za wenyeji, huenda hakuna Kilatini kingine kinachotamkwa Maniema kwa ibada kama hiyo.

Matokeo na mapendekezo

Utafiti unaonyesha mambo mawili. Neno hushika mizizi pale lilipochekesha au lilipotisha. Yale ya orodha ya ubaoni, yasiyofanya lolote kati ya hayo, hufutwa pamoja na chaki. Tena kila neno linabaki na tabia ya aliyelileta: la Paris linavaa suti, la boksi linafoka, la mradi linangoja sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Ndiyo maana mtu wa Kindu anaweza kuwa na msamiati mpana na bado asiweze kuagana kwa Kiingereza. Hakuna aliyemletea maneno ya kuagana.

Jambo hili si la mzaha tu. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfanyabiashara anayefuata mzigo hadi Uganda anakutana na fomu ambazo hazikupitia Paris.

Pendekezo letu ni moja. Mwalimu aanze na vitu vilivyomo darasani: fulana, simu, maboksi. Vitampa amri kwa wingi. Wakati uliopita ndio utamsumbua, kwa sababu soko zima la Kindu linautumia mara tatu tu: «Made in China», «Missed call», «Call ended». Kitu kilichotengenezwa kwingine, simu iliyokupita, simu iliyokwisha. Lakini mwalimu hodari hahitaji zaidi. Aulize nani alikitengeneza, nani alipiga, na kwa nini hukupokea. Swali la tatu, kama mwanafunzi ana mchumba, litajaza saa nzima ya somo.