Besi ya Detroit, Sola ya Baraka
Ndugu yetu mpiga besi wa kwaya, hapa Baraka, anaitafuta sauti ya James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, aliyemvutia hata Paul McCartney wa Beatles. Decca Mpudi, mpiga besi wa OK Jazz ya Kinshasa, hamtoshi. Kinshasa iko karibu mno. Basi ametuma pesa Uvira aletewe kidude cha kulainisha sauti.

Jamerson mwenyewe alipiga besi ya Fender Precision ya 1962 kwa kidole kimoja, hakubadilisha nyuzi mpaka zikatike, na chini ya kifuniko cha daraja la nyuzi aliweka sponji la kuzima mlio. Nyuzi kuukuu? Za ndugu yetu zimeshafikia umri wa kuanza shule, na mmoja ni waya wa breki ya baiskeli. Sponji? Godoro lake linamwaga kila upande. Kidole kimoja? Vingine vimechanwa na nyavu za ndagala.

Siri zote za Detroit anazo, tena bure, na bado analalamika. Kidude kimefika jana kwa boti. Kinataka umeme, na betri ya sola imemalizwa na simu za kwaya, soprano wakiwa wa kwanza.