Gitaa la Muzee na ufa wa Agosti

Gitaa la baba yangu liliuawa na mchwa. Lilikaa nyuma ya kabati tangu tulipohamia hapa Lukafu, Katanga, na siku nilipolivuta nje ili mwanangu alione, kidole gumba changu kilizama ubavuni mwake kama kwenye mkate uliolowa. Unga wa mbao ukamwagika sakafuni.

Muzee, yaani baba yangu, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, nikampa kilichobaki, akaingiza vidole viwili ndani ya tundu na kupapasa polepole upande wa chini wa ule ubao wa usoni.

"Ngazi ingali mule," akasema.

Mwanangu akauliza ngazi gani. Basi babu yake akamwekea kidole mahali penyewe. Chini ya uso wa gitaa la zamani kuna pau nyembamba zilizobandikwa kwa upana, moja juu, nyingine chini yake, hadi karibu na mkia, zimepangana kama vipago vya ngazi. Kazi yake ni kuuzuia ubao usibonyee, maana nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, karibu mfuko mmoja na nusu wa simenti, juu ya ubao wenye unene wa milimita 3. Magitaa mengi ya siku hizi yana pau zinazokingamana kama herufi X, mtindo ambao karakana ya C. F. Martin kule Marekani iliutumia tangu miaka ya 1840. Ngazi ni ya zamani zaidi, na ni rahisi kuijenga, ndiyo sababu ilibaki kwenye magitaa ya bei nafuu: Stella za Marekani, na Gallotone zilizotoka Afrika Kusini, ambazo karatasi yake ya ndani iliahidi kwamba hazitapasuka.

Wako wanaosema ngazi ni ujenzi duni. Sikubali. Pau zikipita kwa upana, sauti haitandi wala haidumu. Inatoka upesi, kavu, kisha inakoma na kumpisha mwenzake. Kwa mpigaji anayekung'uta nyuzi zote kwa pamoja huenda hiyo ni kasoro. Lakini gitaa la Katanga hupigwa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini, shahada inajibu juu, na kila noti inataka nafasi yake. Noti zikining'inia hewani zinapandana, na msikilizaji hasikii tena nani anamjibu nani.

Muzee alijifunza hayo utotoni Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Ni Jadotville hiyo ambako mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, akamrekodi "Masanga", wimbo uliotoka Katanga ukaenda mbali kuliko tulivyowahi kwenda sisi wenyewe. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alisafiri hadi Lubumbashi ili akae mbele yake na kutazama vidole vyake. Mwaka 1990 ajali ya gari ikamchukua Mwenda. Muzee hatamki jina lake bila kunyamaza kidogo kwanza.

"Nitakutengenezea lingine," nikamwambia siku ile. Kazi yangu ni vitanda na milango. Mbao nazijua.

Ilikuwa Januari, mvua inapiga mabati kila alasiri.

Ubao wa gitaa hautakiwi kuwa mbichi, na mbao zinazouzwa mjini nyingi zimepasuliwa juzi tu. Mbao kavu kweli zimo ndani ya nyumba za watu. Kwa mgongo na mbavu niliomba ubao wa kichwani wa kitanda cha marehemu mama, mulombwa safi, mti ambao Watanzania wanauita mninga, na ambao ukikatwa ungali hai hutoa utomvu mwekundu kama damu. Muzee alifikiri siku mbili kisha akakubali. Uso wa gitaa unataka mti mwepesi, wa nyuzi zilizonyooka, na msonobari wa namna hiyo nilikuwa nao mahali pamoja tu: rafu za kabati la jikoni la mke wangu, zilizokuwepo kabla hatujaoana.

Nilizichukua Jumamosi, naye yuko sokoni. Aliporudi akakuta sahani, masufuria na mwiko wa bukari, ugali wetu, vimepangwa juu ya mkeka.

"Baba batoto, sahani zangu zinalala chini sababu ya nini?"

Nikamweleza. Akautazama ubao, akamtazama Muzee, akaweka kikapu chini. "Basi zitalala chini mpaka ile gitare iseme," akasema. Sikuwa na haki ya kulalamika. Nilipaswa kumwomba, kama nilivyomwomba baba, na sikumwomba.

Mbavu zilipindwa uani. Nilisimamisha bomba la chuma juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makala yakashika, nikalowesha vipande vya mulombwa vyenye unene wa milimita 2 na kuvibembeleza juu ya chuma mpaka vikalegea. Cha kwanza kikavunjika, cha pili kikavunjika, cha tatu kikatii. Gunia la makala likaisha kabla ya mwezi, na hilo pia mama watoto alilihesabu.

Kisha ikaja siku ya kubandika ngazi. Nilikuwa nimechonga pau tano za urefu tofauti, upana milimita 8, kimo milimita 16, nazo zilitaka kukandamizwa sawasawa mpaka gundi ishike. Vibanio vya kufika katikati ya ubao sikuwa navyo. Ipo njia ya mafundi wa zamani: unachukua fimbo zinazonepa, ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo kati ya meza na dari, unazipinda kama upinde, ncha moja juu ya upau, nyingine darini, nazo zinasukuma zenyewe. Nikakata mianzi kumi na miwili. Meza ya kulia nikaiweka katikati ya sebule, ubao juu yake, nikapaka gundi, nikaanza kupachika mianzi mmoja mmoja. Ilipofika wa tisa sebule ilikuwa kama kibanda kisicho na ukuta. Pembeni mwa meza mama watoto alikuwa ameweka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, haina kifuniko, inapoa.

Dari letu ni la tripleksi, mbao nyembamba za kubandikwa. Mianzi niliyoielekeza chini ya mbao za kenchi ilitulia. Wa kumi niliuweka katikati ya kenchi mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu juu yake ila hewa. Nilisikia mlio mdogo, nikainua macho, nikaona ncha ya mwanzi inazama darini. Karatasi nzima ya tripleksi ikapasuka. Vikashuka vumbi la miaka yote, mavi ya popo, magunzi ya mahindi yaliyopandishwa na panya na kiatu kimoja cha mtoto tusichokijua, na vingi kati ya hivyo viliingia ndani ya sombe.

Mianzi ikaruka kila upande. Gundi ilikuwa bado mbichi, pau zikaanza kuteleza. Mwanangu, miaka 12, alijirusha mezani na kuzishika kwa viganja vyote viwili. "Baba, sijaachilia!" alikuwa akipiga kelele, macho yamefumba kwa vumbi. "Sijaachilia!"

Mama watoto alitoka jikoni. Aliitazama sufuria yake. Nilingoja maneno niliyostahili. Badala yake alirudi jikoni, akaja na pasi ya makala, akaiweka juu ya upau wa kwanza. Akaenda tena, akaleta kinu. Akaleta mfuko wa unga. Akamwondoa mtoto mkono mmoja, kisha mwingine, akiweka uzito kila mahali mkono ulipotoka, na hakuna upau uliosogea hata kwa unywele. Usiku ule tulikula bukari na chumvi. Tangu siku hiyo sikuliita tena gitaa langu.

Shingo haikunisumbua. Vyuma vya shingoni ndivyo vilivyonifunza. Kwa urefu wa uzi wa milimita 635, unagawa kwa 17.817 na kupata 35.6, hapo ndipo chuma cha kwanza kinapokaa. Kinachobaki unakigawa tena kwa 17.817, unapata 33.6, na kuendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba nilitumia nyaya za shaba, kwa kuwa huku shaba ndiyo kwetu. Ni laini mno; nyuzi za chuma ziliila kwa wiki tatu. Mwanangu ndiye aliyesema tuchukue vyuma vya gitaa lililokufa. Mchwa hawakuvigusa. Tukaving'oa kimoja kimoja, pamoja na vikazio vya nyuzi, tukavihamisha.

Mwishoni mwa Mei, mvua zimekwisha, Muzee alilipokea gitaa mapajani. Alikaza nyuzi, akasikiliza, akalegeza mmoja. Kisha gumba likaanza kutembea. Sauti ilikuwa ile ile niliyoijua nikiwa mtoto, kavu na ya haraka, kila noti imesimama peke yake. Mama watoto alisimama mlangoni, mikono ina unga. Kesho yake nilimjengea rafu mpya.

Agosti, usiku wa baridi, tulisikia mlio kama tawi kavu linalokanyagwa. Mke wangu ndiye aliyeamka kwanza. Tuliwasha taa, na hapo ukutani gitaa lilikuwa na ufa wa sentimita 14, kutoka darajani hadi mkiani.

Nilikaa nalo mpaka asubuhi, na asubuhi nikaelewa. Niliamini kuwa ubao wa miaka mingi hautikisiki tena. Kumbe hata ubao mzee huvuta unyevu wa Januari na kutanuka, na hewa kavu ya Agosti ikifika hunywea. Mti hunywea kwa upana. Kwa urefu wake karibu hausogei kabisa. Pau za ngazi zimelala kwa upana wa uso, kwa hiyo urefu wa upau ndio upana wa ubao. Uso ulitaka kujikunja, pau zikakataa, na ubao ukapasuka. Kosa halikuwa la ngazi. Lilikuwa langu, niliyeibandika katikati ya mvua.

Nilimpelekea Muzee nikiwa nimeinamisha kichwa. Alipitisha ukucha juu ya ufa. "Hata ile yangu ilipasukaka mara mbili," akasema. "Ziba, ulete."

Nilichonga ujiti wa msonobari mwembamba kama wembe kutoka kwenye mabaki ya rafu, nikauingiza ufani kwa gundi, na kwa ndani, kupitia tundu, nikabandika vibao vitatu vidogo vya kushikilia. Nilifanya hivyo Agosti ileile, hewa ikiwa kavu kabisa. Mvua za Novemba zilikuja na kwenda, kiangazi kingine kikapita, na ufa haujafunguka. Unauona ukiinamisha gitaa kwenye mwanga, mstari mweupe kuliko mbao zingine.

Wewe uliye na gitaa kuukuu nyuma ya kabati, usilitie motoni. Ingiza vidole ndani ya tundu, upapase. Na kama unaunda jipya huku kwetu, ngoja mvua ziishe ndipo ubandike ngazi.