Kwa Shangazi Spana: Moyo Umefika, Miguu Haijafika

Wiki hii wafupi wameandika kwa wingi, na wote wanataka pikipiki za spoti. Shangazi amefurahi. Anachoomba ni kimoja tu: mwulizeni kabla ya kutoa arbuni, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipa hatafuti ushauri, anatafuta shahidi.

*Shangazi, shikamoo. Nina urefu wa sentimita 158 na mapenzi mazito. Nimepata Yamaha R6 iliyotumika, ya bluu, inang'aa. Muuzaji anasema ni saizi ya kati tu maana ni cc 600, siyo 1000. Uzoefu wangu ni Boxer ya kaka. Nikiikalia hiyo R6 nagusa chini kwa kidole gumba cha mguu mmoja. Muuzaji anasema nitazoea. Kweli nitazoea?*
*Kidole Gumba, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Utazoea, hilo Shangazi hana shaka nalo. Anachojiuliza ni kava ngapi zitapasuka kabla hujazoea.

Muuzaji wako hajakosea hesabu, amekosea mnunuzi. R6 iliundwa ikiwaza uwanja wa mashindano: silinda nne, nguvu ya farasi zaidi ya 110, na nguvu hizo hazijitokezi sawasawa mpaka injini izunguke kwa kasi ambayo Boxer haijawahi hata kuiota. Boxer ya kaka yako, kama ni ya 150, ina farasi kama 12. Kutoka 12 kwenda 110 bila kituo katikati, unaharakia wapi? Tena siti yake iko milimita 850 kutoka ardhini, na kwenye foleni ya Buguruni joto lote la injini utalipokea wewe mapajani.

Saizi ya kati kwa anayeanza ni cc 300 hadi 500, na pikipiki hizi hazikutokea kwa bahati. Japani, leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400. Ulaya, tangu 2013, daraja la A2 limewekewa kikomo cha kilowati 35, yaani farasi 47 hivi. Viwanda vikalazimika kuwaundia wanaoanza pikipiki yenye sura ya mbio na hasira za wastani. Kawasaki Ninja 400 ina siti ya milimita 785 na uzito wa kilo kama 168. Yamaha R3 ni milimita 780 na kilo 170 hivi. Honda CBR500R ina siti ya 785 pia, ila imeizidi Ninja kwa zaidi ya kilo 20, na kilo hizo hutazisikia barabarani. Utazisikia siku ya kuisukuma kutoka uani. KTM RC 390 ni nyepesi, lakini siti yake imepanda hadi 820 na ushei.

Sasa jipime. Simama peku, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, weka alama ukutani, kisha pima kutoka sakafuni. Ukipata sentimita 72, usiende kuzitoa kwenye 785 halafu ukaanza kulia. Ukikalia pikipiki, shokapu hulala kidogo, na buti nazo zinakuongezea kimo. Kwa upande mwingine, siti pana hutanua mapaja na kukuibia urefu, ndiyo maana pikipiki mbili zenye namba moja kwenye karatasi zinaweza kukupa majibu mawili dukani. Ninja na R3 zimebanwa kiuno pale siti inapokutana na tangi, na hapo ndipo mfupi anapopata nafuu yake.

Ukigusa kwa sehemu ya mbele ya nyayo za miguu yote miwili, au kwa unyayo mzima wa mguu mmoja, inatosha kuanzia. Kidole gumba peke yake hakitoshi hata kuua siafu. Pikipiki hununuliwa kwa mguu, mwanangu. Macho yataridhika baadaye.

*Shangazi, mimi nina futi tano na inchi moja. Nataka Ninja 400. Mchumba wangu anasema mwanamke wa kimo changu anafaa skuta, na kwamba pikipiki za mbio ni za wanaume warefu. Nimjibuje bila kuvunja uchumba?*
*Mchumba wa Mtu, Nyali*

Mpe majina mawili, dada. La kwanza ni Ana Carrasco wa Hispania. Mwaka 2018 alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300 akiwa juu ya Ninja 400 hiyohiyo unayoitaka, akimzidi aliyemfuata kwa pointi moja tu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mbio za lami za pikipiki ya mtu mmoja, na wengi wa aliowaacha nyuma walikuwa wanaume. La pili ni Dani Pedrosa, mwanamume wa sentimita 160 hivi, bingwa wa dunia wa cc 125 mwaka 2003 na wa cc 250 mwaka 2004 na 2005, ambaye baadaye alishinda mbio 31 za MotoGP dhidi ya watu waliomzidi kichwa kizima.

Yafuatayo yabaki kati yetu mpaka mahari itoke. Bingwa akiwa karakana, mafundi wanamshikia pikipiki, na wakiiegesha inakaa kwenye stendi zake. Mbio zikianza, hasimami tena mpaka bendera. Wewe utasimama Makupa, utasimama Kongowea, utasimama kwa sababu mbuzi naye ameamua kusimama. Mfupi anayeanza haangushwi na mwendo. Anaangushwa na kusimama, na huko ndiko mazoezi yako yaelekee.

Amua mapema mguu utakaoshuka. Kwa kawaida ni wa kushoto, wa kulia ukibaki kwenye breki ya nyuma. Ukikaribia kusimama, sogeza kalio nusu nje ya siti upande huo, na mguu utapata nafasi ya kushuka wote. Usibane breki ya mbele huku usukani umekunjwa kwenye mwendo wa kutembea. Nyoosha usukani kwanza. Kosa hilo limewalaza wengi mbele ya vituo vya mafuta, tena mbele ya mashahidi. Isome na barabara pia. Sisi tunaendesha kushoto, na lami nyingi imeinuliwa katikati ili maji yakimbilie mtaroni, kwa hiyo ukisimama ukingoni ardhi ya kushoto iko chini zaidi. Hapo shusha mguu wa kulia na ushikilie breki ya mbele.

Kuhusu skuta, mwombe mchumba akusindikize dukani ukazikalie. Nyingi zina siti pana, na huenda akashangaa kuona unaning'inia kwenye skuta na kutulia kwenye Ninja. Usiseme kitu. Acha siti izungumze.

*Shangazi, nilinunua R3, nikampelekea fundi aishushe. Amebadilisha vyuma vya shokapu ya nyuma, imeshuka vizuri, sasa naweka unyayo wote chini. Lakini kila tuta linaikwangua tumbo, kona imekuwa ngumu kuingia, na jana nimeiegesha kwa stendi ikaangukia upande wa pili. Nimerogwa?*
*Nimeshuka, Mbezi*

Hujarogwa, umeshushwa nusu. Fundi akibadilisha vile vyuma vya kuunganishia shokapu, anateremsha nyuma peke yake. Mbele ikibaki juu, uma wa tairi la mbele unalala zaidi, na usukani unakuwa mzito kugeuka. Ndiyo kona yako hiyo. Alitakiwa kuteremsha na mbele kwa kupandisha mabomba ya shokapu za mbele ndani ya vibanio vyake, kwa kipimo kinachoendana na cha nyuma. Stendi ya pembeni nayo imebaki na urefu wa kiwandani wakati pikipiki imekuwa fupi, kwa hiyo inasimama karibu wima, na upepo wa daladala tu unatosha kuimaliza. Stendi ikatwe na kuchomelewa na mtu anayejua, au inunuliwe fupi. Matuta ya Mbezi hayatakatwa na mtu, hivyo tumbo litaendelea kukwanguliwa mpaka urudishe sehemu ya kimo ulichokipunguza.

Wengine wanaosoma barua hii wakiwa tayari wamemshika fundi mkono, wafuate utaratibu. Cha kwanza ni buti za soli nene. Cha pili ni springi ya shokapu ya nyuma, ambayo kwenye R3 na Ninja 400 inarekebishika: springi ile imepangiwa mtu wa uzito wa kawaida, na mwembamba wa kilo 50 hawezi kuilaza, ndiyo maana anakaa juu kuliko mnene wa kimo chake. Ilegezwe hatua moja au mbili, kisha ujaribu. (Msinenepe kwa ajili hii. Shangazi anawajua.) Cha tatu ni sponji ya siti, ipunguzwe pembeni karibu na tangi badala ya kukatwa juu, maana mfupi anahitaji wembamba kuliko anavyohitaji kushuka. Cha nne ni mkono wa klachi na wa breki. Kama vidole ni vifupi, isogezwe karibu. Vyuma vya kushusha vije mwisho, baada ya miezi ya kuendesha. Wengi wakifika mwisho huo wanakuta hawavihitaji tena, kwa sababu kilichokuwa kifupi ni uzoefu.

*Shangazi, naona aibu kuandika. Niliegesha CBR500R mbele ya ofisi, pua ikitazama ukuta, mahali penye mteremko. Jioni nikashindwa kuirudisha nyuma, nikapambana, ikalala. Walinzi watatu wakaja kuiinua huku wakiniita "bosi" kwa sauti ambayo sikuipenda. Niiuze?*
*Bosi, Mwanza*

Usiuze. Mji wako umejengwa juu ya vilima na mawe, na pikipiki yako haina gia ya kurudi nyuma. Kuanzia leo, kabla hujaegesha, jiulize utatokaje. Ingia kinyumenyume, pua itazame njia, ili mteremko ukusaidie jioni badala ya kukucheka. Pakikulazimu kuingiza pua kwanza, hakikisha pua inapanda, ili kutoka iwe kushuka. Iache kwenye gia ya kwanza ili isitambae yenyewe. Ukitaka kuisukuma, shuka. Mfupi anayesukuma akiwa amekaa hana mguu wa kusukumia.

Sasa jifunze kuiinua mwenyewe, walinzi wabaki na kazi yao. Zima injini. Kama imelalia kulia, ifungue kabisa stendi ya kushoto na uingize gia ya kwanza, isije ikavuka ikaangukia upande wa pili mbele ya watazamaji walewale. Geuza usukani wote kuelekea upande ilikolalia. Igeuzie mgongo, chuchumaa, kalio ligote kwenye siti. Mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike chuma imara chini ya siti, plastiki usiiguse. Mgongo unyooke, macho mbele, kisha rudi nyuma kwa hatua fupifupi. Kazi inafanywa na mapaja, na mapaja mafupi hayajapungukiwa nguvu. Ifanyie mazoezi kwenye nyasi, rafiki akiwa karibu, kabla hujalazimika kuifanya kwenye lami huku lori likipiga honi.

Majibu ya haraka, kwa wenye haraka

*Nivae viatu vya mchuchumio ili nifike chini?* Hapana. Kisigino kitanasa kwenye kikanyagio siku unayouhitaji zaidi mguu wako. Buti ya pikipiki, soli nene, ifunike kifundo.

*Muuzaji anasema ABS ni mbwembwe, nichukue isiyo nayo kwa bei nafuu.* Mkono wa anayeanza ukishtuka hubana breki yote kwa mara moja. ABS huzuia tairi lisijifunge hapo. Kama barabara yako ina mchanga juu ya lami, au mvua huwa inanyesha kwenu, ongeza hela.

*Mpenzi wangu ana kilo 95, mimi 52. Naweza kumpakia?* Habari njema ni kwamba atalaza shokapu na utafika chini vizuri sana. Habari mbaya ni kwamba akijikuna tu mkiwa mmesimama, mtalala wote. Kwa mwaka wa kwanza mpe nauli.

*Bajeti inatosha pikipiki tu, helmeti na glovu nitanunua baadaye.* Basi bajeti haitoshi pikipiki.

*Nianze na cc 150 au niende moja kwa moja 400?* Kama hujawahi kushika klachi, azima ndogo, uivurugie hiyo gia zake, ukafanye na mtihani wa leseni. Kuangusha Boxer kunauma kifundo. Kuangusha Ninja kunauma mpaka benki.

*Shangazi, nasoma safu hii kwa uchungu. Mimi nina futi sita na inchi tatu. Kwenye Ninja 400 magoti yangu yanagonga usukani nikikata kona, na mgongo umekunjika. Mbona hatuulizwi sisi?*
*Mrefu Aliyesahaulika, Arusha*

Mwanangu, pikipiki za safari ndefu, zenye siti ya milimita 850 na kuendelea, zimejaa sokoni, zimetengenezwa kwa kipimo chako, na zinapita kwenye mashimo ya Arusha bila kulalamika. Kanunue moja. Na ukisimama kwenye mataa karibu na mfupi mwenye R3, shusha mguu wako mrefu taratibu bila mbwembwe, umwulize kama anahitaji msaada wa kusogea. Akikataa, amini kwamba amesoma safu hii.