Ivunjike Wapi? Mwongozo kwa Mwenye Land Rover Kuukuu Anayetaka Majabali

Umepata Land Rover 109, Series III. Hongera! Bodi yake ya alumini haioti kutu, chesisi imeshachomelewa na mafundi wa vizazi viwili, na kirungu chekundu cha gia nzito bado kinaingia bila kubembelezwa. Sasa lami imeanza kukuchosha. Unataka mito, unataka mawe, unataka mlima usio na njia. Basi tuanze na ekseli, maana hapo ndipo safari nyingi za Land Rover kuukuu zinapoishia.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Nguvu inayotoka kwenye injini inapita giaboksi, propela, difu na hafu shafti mpaka ifike kwenye tairi. Ukiimarisha kimoja, mzigo unamhamia jirani yake. Kwa hiyo usimuulize fundi, “Nifanyeje isivunjike?” Hakuna chuma kisicho na mwisho. Muulize hivi: “Ikivunjika, ivunjike wapi?” Mwongozo huu wote ni jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Lala chini ya gari

Kadi ya gari haisemi ukweli wote. Magari haya yametengenezwa tangu 1948, na Series III yenyewe tangu 1971 hadi 1985, kwa hiyo mengi yameshabadilishwa ekseli zaidi ya mara moja. Tandika gunia, jilaze, angalia mgongo wa difu ya nyuma. Ukikuta mfuniko uliofungwa kwa bolti kuzunguka, hiyo ni Salisbury, ekseli nzito na ngumu iliyokuja na 109 za Series III. Ukikuta mgongo laini usiofunguka, hiyo ni ya Rover yenyewe, na difu yake hutolewa kwa mbele. Hafu shafti za Rover zina meno 10 tu upande wa difu, na hayo meno ndiyo yanayojulikana kwa kulia “paa!” katikati ya korongo.

Ekseli ya mbele ni ya aina hiyo ya Rover pia. Usijisahau ukaimarisha nyuma peke yake.

Hatua ya 2: Chomoa, uangalie

Uzuri wa ekseli ya nyuma ya 109 ni kwamba uzito wa gari unabebwa na habu, si shafti. Fungua bolti sita za flenji, vuta, shafti inatoka na tairi linabaki mahali pake. Weka beseni chini, oili itadondoka.

Ifute shafti vizuri, kisha laza rula ya chuma juu ya meno kwa urefu. Meno yakienda sambamba na rula, shafti bado ina uhai. Yakiwa yamelala upande, imeshasokotwa na haitarudi. Itoe kazini leo. Na ukiletewa iliyokatika, iangalie usoni kabla ya kuitupa. Mara nyingi utaona sehemu moja laini, nyeusi, iliyokwanguana kwa muda mrefu, na sehemu nyingine ya chenga zinazong’aa. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, uliokuwa ukitembea kidogo kidogo. Zile chenga ndizo zilizokatika siku hiyo. Dereva wa siku ya mwisho alikuta kazi imeshaanzwa na waliomtangulia.

Hatua ya 3: Imarisha mguu wa dereva

Hii ni bure, na inaokoa shafti nyingi kuliko chuma chochote. Kinachokata shafti sana ni mshtuko: tairi linazunguka hewani kwa kasi, ghafla linagusa jiwe kavu, na nguvu yote ya mzunguko inasimamishwa kwa mara moja. Tairi likianza kuzunguka bure, toa mguu kwenye mafuta. Usiachie klachi kwa hasira.

Jua pia virungu vyako. Kirungu cha njano kikibonyezwa chini, magurudumu yote manne yanavuta. Kirungu chekundu kikivutwa nyuma, unaingia gia nzito na magurudumu manne kwa pamoja. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo ukiliendesha hivyo kwenye lami kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinapigana na shafti zinasokotwa. Ukirudi barabarani, vuta chekundu nyuma kisha kisukume mbele, cha njano kitaruka juu chenyewe.

Anayedhani porini ni mahali pa mbio ajifunze kwa mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza 1989. Washindani wana saa 10 za kupita vituo 13, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kasi haitoi kombe. Fedha zinazochangwa huko zimesaidia kujenga uzio wa msitu wa milima ya Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Ni ushahidi tosha kwamba kupenda majabali na kupenda msitu vinaweza kukaa gari moja.

Hatua ya 4: Tairi kwa kiasi

Tairi la 7.50-16 lililokuja na 109 lina kimo cha inchi 32 hivi. Ukipanda hadi inchi 35, shafti inabeba karibu asilimia 10 zaidi kila tairi linaposhika jiwe, kabla hujahesabu uzito wa tairi lenyewe. Kama shafti bado ni zile za meno 10, baki na 7.50. Punguza upepo ukiingia kwenye mchanga au mawe, na ubebe pampu ya kuurudisha.

Hatua ya 5: Nunua chuma, si hadithi

Ugumu wa shafti dhidi ya kusokotwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Shafti iliyo nene kwa asilimia 10 inahimili asilimia 33 zaidi. Chuma nacho kina daraja: tafuta aloi yenye kromu, nikeli na molibdeni, inayouzwa kwa namba 4340 au EN24, iliyopitishwa kwenye moto kitaalamu. Muuzaji asiyejua namba ya chuma chake, muage kwa heshima. Chema chajiuza.

Kumbuka mambo mawili. Difu ya Series imekaa upande wa kulia, kwa hiyo shafti ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu. Na ukiongeza idadi ya meno, gia za ndani ya difu lazima zilingane nayo.

Hatua ya 6: Difu loki iwe ya mwisho kununuliwa

Difu ya kawaida huwapa magurudumu mawili nguvu sawa, kwa hiyo moja likiwa hewani, lililo chini nalo halipati kitu. Difu loki inamaliza tatizo hilo. Lakini siku hiyo hiyo inaweza kutupa nguvu yote ya ekseli kwenye shafti moja. Shafti ngumu kwanza, loki baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utanunua vyote mara mbili. Kwa mbele, tahadhari ni kubwa zaidi: krosi ya gurudumu ni dhaifu kabisa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Nyoosha magurudumu ndipo ukanyage.

Hatua ya 7: Mbele na nyuma ziseme hesabu moja

Difu za Series ni 4.7. Za Range Rover na Discovery ni 3.54. Wengi huzichukua kwa sababu gari linakuwa jepesi barabarani, na ni kweli. Porini, nguvu ya kuvuta inapungua kwa robo. Ukichagua 3.54, weka mbele na nyuma, usiache moja.

Hatua ya 8: Ipe ekseli pumzi

Ekseli ya moto ikiingia mtoni, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Oili inageuka kama chai ya maziwa, na beringi zinaanza kufa bila kelele. Dawa ni mpira mwembamba kutoka kwenye tundu la pumzi hadi juu ya bodi.

Hatua ya 9: Chagua mahali pa kuvunjika

Mimi nachagua hafu shafti, na nakushauri nawe uchague hiyo. Krauni na pinioni zikisagika, unahitaji gereji, vipimo na fundi mwenye subira. Shafti unaibadilisha hapo hapo porini. Beba ya kushoto na ya kulia, gasketi, lita mbili za oili ya EP90, na nondo nyembamba ya kusukumia kipande kilichobaki ndani ya difu. Huna ya akiba? Toa vipande, bonyeza kirungu cha njano, rudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele.

Na hili usilisahau kamwe: breki ya mkono ya gari hili inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Shafti ya nyuma ikikatika, breki hiyo haizuii kitu. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi kabla mtu yeyote hajajilaza chini. Ekseli inanunulika, fundi wako hanunuliki.

Ukimaliza yote, nenda safari fupi, kisha umwage oili ya difu kupitia kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni kawaida ya gia mpya zinazozoeana. Ukikuta kipande kinachoshikika kwa kucha, fungua difu siku hiyo hiyo, kabla hakijapata wenzake.